Dari Lililovishwa Kitambaa

Jirani yangu wa mlango uliotazamana na wangu alikuwa fundi makochi, na jengo zima lilimwita Taratibu. Jina lilimkaa sawasawa. Alipanda ngazi taratibu, alifunga mlango taratibu, hata cherehani yake aliitandikia sponji chini ili wa ghorofa ya chini wasikerwe. Aliishi na mama yake, ambaye macho yalikuwa yamemzima zamani. Mke hakuwa naye. Wachumba waliokuja kumwangalia walimkuta mama katikati ya sebule, wakaaga kwa heshima na hawakurudi.

Ndani ya nyumba ile usingejua kuwa bibi yule haoni. Alipika, alifua, alipanga vyombo, na ukiweka kikombe mahali pasipo pake alikugombeza kabla hujakaa. Ila akitoka nje ya mlango, hatua moja tu, alisimama kama aliyepotea, akamng'ang'ania mwanawe mkono. Kuta zile ndizo zilikuwa macho yake. Kwa hiyo Taratibu alikuwa na hofu moja tu maishani: kufukuzwa katika nyumba ile.

Hofu hiyo alirithishwa. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa mdomo. Choo kikiziba alisema, mlango ukioza alisema, na kila aliposema, vyombo vyao vilikutwa nje. Mama akamlea mwanawe kwa somo moja. "Mwenye nyumba anamkumbuka asiyelipa na anayelalamika," alimwambia. "Wewe usikumbukwe kabisa."

Basi Taratibu hakukumbukwa. Bomba likiharibika alitengeneza mwenyewe, kioo kikivunjika alinunua kingine, kitasa kikilegea alikaza. Msimamizi wa jengo alimpenda kama mboni ya jicho. Kwa nini asimpende? Kazi yake yote ilikuwa ikifanywa na mpangaji, bure.

Halafu bafu la nyumba ya juu likaanza kuvuja, na doa la maji likatokea kwenye dari la jikoni kwake. Nilimwambia siku aliyonionyesha, tena kwa ukali, maana mimi sina subira na mambo hayo.

"Nenda kaseme! Bomba la juu si lako. Kulitengeneza ni juu yao, wewe kazi yako ni kuwaarifu tu. Hata mkataba unasema."

"Jirani, nikianza kusema leo, kesho wananiangalia kwa jicho lingine."

"Wakuangalie! Sheria ipo."

"Sheria haina mama kipofu," akanijibu, na akacheka kidogo kunipoza.

Alifanya alichokijua. Alipigilia mbao nyembamba darini, akajaza sponji nene, akavuta juu yake kitambaa cha makochi cha rangi ya maziwa, akakibana kwa vifungo kama mgongo wa sofa. Kazi ilikuwa safi, sikatai. Nilimtania kwamba dari limepata kochi, amebaki wa kulikalia. Hata msimamizi alipokuja kukagua alilisifu.

Lakini sponji inakunywa maji. Bila ile sponji matone yangeanguka sakafuni, na mama yule, aliyesikia hata mende akipita kabatini, angeuliza kulikoni. Maji yakanyonywa kimya kimya, mbao za sakafu ya juu zikaoza, na asubuhi moja dari zima likashuka juu ya jiko. Mama alikuwa sebuleni, hakuguswa. Ila bafu la juu lilibaki limening'inia kwenye boriti mbovu, na mwenye nyumba akataka Taratibu ahame.

Nilimsindikiza kwenye baraza la nyumba, linaloamua kesi za wapangaji. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mtulivu, anayesikiliza hadi mwisho. Alimuuliza kwanza msimamizi bomba lile lilikuwa jukumu la nani.

"Letu, mheshimiwa. Lakini tungejuaje? Tulikuwa tunaona kitambaa kizuri tu."

Akamgeukia Taratibu. "Ulimwambia nani kuhusu uvujaji?"

"Sikumwambia mtu, mheshimiwa. Sikutaka kuwasumbua."

Mwenyekiti alivua miwani. Alisema kwamba mpangaji ana wajibu wa kutoa taarifa ya uharibifu, na akishatoa, mwenye nyumba analazimika kutengeneza na hana ruhusa ya kumwondoa kwa sababu amelalamika. Bali kuuficha hadi nyumba ya jirani ikahatarishwa ni kuvunja mkataba, na hapo yeye mwenyekiti mikono yake imefungwa: lazima mpangaji ahame.

"Kwa hiyo ningelalamika," Taratibu aliuliza polepole, "ningebaki?"

"Ungebaki."

Nilimshika bega, tukatoka.

Nilikwenda kuwatembelea chumba chao kipya, upande wa pili wa mji. Mama alikuwa amekaa kitandani mikono mapajani. Mwanawe aliniambia mlangoni kwamba anashinda hapo hapo, anaogopa kuinuka, tangu alipojigonga paji la uso kwenye rafu. Dirisha la chumba lilikuwa halifungiki, baridi ilikuwa ikiingia moja kwa moja kitandani, nami nikalivuta bila mafanikio, nikafungua mdomo kusema wamwite mwenye nyumba.

Mama alinisikia nikihangaika na dirisha. "Liache hilo, mwanangu, mwenzio atalitengeneza mwenyewe. Tusijitie midomoni mwa watu. Kule tulikaa miaka yote ile kwa sababu hatukulalamika. Bahati mbaya tu wakaamua kulibomoa jengo."

Kulibomoa? Jengo lilikuwa limesimama, mimi nilikuwa nimetoka humo asubuhi ile. Nilimtazama Taratibu. Alikuwa ananitikisia kichwa nyuma ya mama yake, macho yamejaa machozi.

"Au siyo, jirani?" mama akauliza. "Si tulifanya vizuri?"

Nilikuwa na hasira ya kuvunja ukuta, na sikujua nimkasirikie nani.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Mlifanya vizuri."