Salamu za Muasya kwa Watu wa Ng'ambo

Haya nitakayowaambia hamtayaamini, na wale wa soko la nyama la Burma wanaonijua wataagiza nyama nyingine kwanza ndipo wanibishie vizuri. Mpwa wangu Muasya, wa hapa mtaa wa Umoja, aliomba msaada wa hesabu kwa watu asiowajua hata kwa sura, wako ng'ambo, na wakamjibu. Mwaka wa themanini na tisa. Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini hesabu hiyo naielewa kuliko waliomaliza fomu foo.

Muasya alikuwa karani wa kiwanda cha chakula cha kuku. Mkurugenzi alinunua kompyuta, akamwambia aiandikie programu ya kuonyesha mahindi, omena na mashudu vichanganywe vipi ili kuku atage na gharama iwe ndogo kabisa. Akaongeza: mwezi ukiisha bila jibu, wewe na kompyuta mtatoka pamoja. Muasya akaandika. Kompyuta ikajibu: mahindi mengi, na omena magunia manne chini ya sifuri.

"Mjomba, omena chini ya sifuri ndiyo gani?"

"Ni ile paka ameshakula."

Hakucheka. Alikuwa amekonda, shati linamcheza shingoni, na mkewe Nzilani alishaacha kumuuliza habari za kazi.

Rafiki yake Wasike alikuwa na ofisi mjini yenye kompyuta iliyopiga simu ng'ambo mara moja kwa wiki, ikapeleka barua na kuleta majibu. Huko kulikuwa na kundi la watu wa programu za hesabu. Aliyekwama huuliza, wote husoma, anayejua hujibu. Bure!

"Andika kifupi," Wasike akamwonya. "Ikizidi, mashine inakata mkia."

Sasa huyu amelelewa na dada yangu. Umwendee mtu usiyemjua, unataka msaada, uanze na shida zako? Akawaamkia. Akauliza habari za wazee, za watoto, kama mvua imenyesha kwao. Akajitambulisha mpaka kwa babu yake, akaomba radhi kwa usumbufu. Kwake hicho ndicho kifupi. Mashine ikakata mkia, na swali lilikuwa mkiani.

Wiki iliyofuata yalikuja majibu mawili. Mmoja alisema kwao ni theluji, watoto wazima, asante. Wa pili aliuliza: ndugu, swali lako ni lipi?

Akaandika upya, swali tupu. Aliniambia alijiona kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe bila hodi. Jibu likaja, mstari mmoja: hujaiambia mashine kwamba hakuna kinachoweza kuwa chini ya sifuri. Ni hilo tu. Lakini mwezi ulikuwa umeisha, na meza yake alishapewa mtu wa mauzo. Alilisoma jibu lile amesimama kwa Wasike, akalikunja, akatembea mpaka kiwandani.

Muasya mwenyewe yuko nyuma ya bega langu hapa, anasoma ninavyoandika. Basi, mkurugenzi kusikia jibu limefika, alitoka mbio bila koti, akapiga magoti pale getini mbele ya wafanyakazi wote, machozi yanamtiririka, akamshika Muasya miguu akisema rudi baba, kuku wa Kenya nzima wanakulilia, na mimi ndiye niliyemwinua nikam—

"Mjomba, wacha. Nilimngoja pale mpaka jioni. Alipita na gari, hakushusha kioo."