Udi wa Kuagia

Bi Buthaina alitoka Nizwa, Omani, kwenda Katalunya, Uhispania, kumtazama mwanawe, Tamim, anayefanya kazi huko. Jioni ile Tamim alikuwa zamu, akampigia simu.

"Mama, leo sikukuu yao ya kiangazi, Sant Joan, wanawasha moto mkubwa. Teremka uwanjani ukakae na majirani, usijifungie ndani."

"Mtu atoke Nizwa kwenye joto lote lile, aje huku kuota moto?" Lakini alishuka.

Jua halijazama, na majirani wameshatia motoni viti vibovu na kabati zima. Vijana wanaruka makaa, fataki zinampasua masikio. Walimpa kiti, wakamkatia mkate mtamu wenye matunda juu, wakamchekea. Lugha hawakuelewana, mazungumzo yakaishia hapo.

Aliona haya kula bila ya kurudisha kitu. Akatoa mkobani chetezo chake kidogo, akaomba kaa kwa ishara, akatia udi, akawapitishia mmoja mmoja. Walinusa, wakapiga makofi.

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Kwao, udi ukishapita, mgeni hakai tena. Hunyanyuka, na wenyeji humng'ang'ania, "Kaa bibi wee, mapema bado, wallahi!" Ndio utamu wenyewe wa kuaga.

Bi Buthaina akanyanyuka. Akafunga mkoba taratibu, akautengeneza mtandio uliokuwa sawa tangu mwanzo, akasimama kidogo, akingoja kuzuiwa.

Wakampungia mikono kwa furaha, wote, mpaka watoto.