Bibi Yangu Ubaoni

Mtungi mpya ukitiwa maji kwa mara ya kwanza hutoa harufu yake ya peke yake: moshi kidogo, udongo kidogo, na ubaridi unaopanda puani kabla hujanywa. Mwaka jana nilishuka basi pale Mkata, nikakuta mama mmoja amepanga mitungi kando ya barabara. Nikainua mmoja, na kabla sijauliza bei nikauweka shavuni. Yule mama akacheka, akaniuliza kama nausikiliza. Nikamwambia ni mazoea tu ya utotoni. Sikumwambia kwamba mazoea hayo yametokana na wivu ambao mpaka leo sijaumaliza. Nyinyi nitawaambia.

Tulikaa Korogwe ile ya zamani, upande wa mtoni. Bibi, mama yake mama yangu, alikuwa Mzigua wa Handeni, na kazi yake ilikuwa kufinyanga. Udongo aliuchimba kandokando ya mto, akautwanga, akauchambua changarawe, akaukanda mpaka ukatii. Alikuwa na kijiwe cheusi, kidogo kama yai la njiwa, alichokifunga kwenye pindo la kanga. Hicho ndicho alichosugulia vyungu vikawa laini. Alikipata kwa mama yake, na mimi nilijua kwamba siku moja kitakuwa changu, kwa kuwa mjukuu wa kike nilikuwa peke yangu.

Nilikuwa darasa la tatu, wakati wa Mwingereza. Wasichana tulikuwa watano. Mwalimu wetu, Mwalimu Hoza, alikuwa Msambaa wa Bungu, mrefu mpaka akiingia darasani anainama, na siku moja alirudi kutoka likizo na jambo jipya. Kila Jumatano baada ya mapumziko, alisema, kila mwanafunzi atakwenda kumsaidia mzee mmoja aliyepungukiwa nguvu: kumchotea maji, kumfagilia uwanja, kumshikia kazi yake. Alhamisi kazi hiyo itarudi darasani. Maji tuliyochota yatakuwa hesabu, na maneno tuliyosikia yatakuwa insha. Mwisho wa muhula kila mmoja atasimama mbele ya wazazi, aonyeshe alichofanya na alichojifunza. Baadhi ya wazazi walinung'unika kwamba maji hata nyumbani yanabebwa. Mwalimu akawajibu kwa upole kuwa ni kweli, ila safari hii yataandikwa.

Mimi nilinyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Mwalimu, mimi namchukua Bibi yangu."

"Bibi yako unamsaidia bila kutumwa na mimi," akasema. "Hapa kila mtu atakwenda kwa mzee asiye wake."

Nikapewa Mzee Kibindo, aliyekuwa mpagazi katika vita vya Mjerumani, sikio moja halisikii na jingine linasikia linachotaka. Bibi yangu akapewa Felista.

Felista alikuwa binti wa manamba. Baba yake aliletwa kutoka Ubena kukata mkonge, na walikaa kambini, katika vyumba vya mstari mmoja. Alisema polepole, alivaa gauni moja lililofuliwa mpaka maua yake yakafutika, na bibi yake mwenyewe hajawahi kumwona. Hayo yote niliyajua, na hayakunizuia kumchukia.

Jumatano ya kwanza nilimchotea Mzee Kibindo madebe mawili kwa kasi ya ajabu, kisha nikapita nyumbani kuchungulia. Felista amekalia kigoda changu. Mikono yake imezama katika udongo mpaka viwikoni, na Bibi anamwita mwanangu. Mimi alikuwa akiniita "we Mwanaidi". Niseme kweli: Bibi alishajaribu kunifundisha mara mbili, na mara zote mbili nilikimbilia kucheza nikauacha udongo ukakauka. Sikuwahi kuutaka mpaka nilipouona mikononi mwa Felista. Siku hiyo nilikula ugali kwa kununa, na hakuna aliyeuliza kwa nini, jambo lililozidi kuniudhi.

Kilichonimaliza ni Alhamisi moja. Mwalimu alimwita Felista mbele asome insha yake. Akasoma kwamba Bibi, alipokuwa msichana mdogo, alitembea na mama yake kutoka Handeni wakati wa njaa, na kwamba kiu ilipozidi mama yake alimtia kile kijiwe mdomoni akinyonye, mate yatoke, asilie. Akafika mtoni akiwa bado nacho chini ya ulimi. Mwalimu Hoza akageuka ubaoni, akayaandika maneno yale kwa mwandiko wake mzuri, akatuambia tunakili.

Basi nikakaa pale, nikimnakili Bibi yangu kutoka ubaoni, kwa maneno ya Felista. Hadithi ile sikuwa nimeisikia hata siku moja. Penseli ilivunjika ncha mkononi mwangu mara mbili. Insha yangu mimi ilikuwa na mambo matatu: maji, ufagio, na tumbaku ya Mzee Kibindo.

Mwisho wa muhula ukakaribia. Felista alikuwa amemaliza chungu chake, kidogo, chenye mistari ya mshazari shingoni, na Bibi alimwachia akisugue kwa kile kijiwe. Vyungu vilikauka ndani kwa siku nyingi, vimepangwa ukutani, vikingoja kuchomwa Jumatano, siku mbili kabla ya wazazi kuja shuleni. Jumatano hiyo, asubuhi na mapema, Bibi alipotoka kutafuta kuni, nikachota maji kiganjani mara tatu, nikayamwaga ndani ya chungu cha Felista. Nilikizungusha, nikamwaga yaliyobaki, nikakifuta kwa gauni langu. Nilikuwa nimesikia kwamba chungu kibichi hupasuka motoni. Nilitaka kipasuke mbele ya macho yake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na sijui kama tangu hapo nimewahi kutaka jambo baya kwa moyo mweupe namna ile.

Mchana nikamwambia Mzee Kibindo naenda kumnunulia tumbaku, nikaja kutazama. Bibi alikuwa ametandaza nyasi kavu na magome uwanjani. Felista alimpokeza chungu kimoja kimoja, na Bibi kila kimoja alikiweka shavuni kidogo, kisha akakilaza juu ya nyasi. Akafika kwenye kile chenye mistari. Akakiweka shavu la kulia. Akakihamishia la kushoto. Akaingiza vidole ndani, akavitoa. Hakunitazama.

"Hiki bado, mwanangu," akamwambia Felista. "Kosa langu mimi. Nilikiweka karibu na mtungi wa maji, kimevuta ubaridi."

"Haidhuru, Bibi," Felista akasema, akakibeba kwa mikono miwili kukirudisha ndani. Vingine vikachomwa vyote, vikatoka vyekundu, vizima.

Siku ya wazazi Felista alisimama na chungu kibichi, cha rangi ya vumbi. Mimi nilikaa mbele ili nione vizuri aibu yake. Akakiinua, akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba chungu hiki hakikuchomwa kwa sababu hakikukauka. Kwamba kingeingia motoni kingepasuka na kuvunja vya wenzake. Na kwamba Bibi amemfundisha kukingoja. Wazazi wakapiga makofi, hata waliokuwa wakinung'unika. Mwalimu Hoza alipangusa miwani. Kisha nikaitwa mimi, nikasema maji, ufagio na tumbaku, nikakaa.

Jioni hiyo Bibi aliniita. "We Mwanaidi, Felista anakaa mbali. Chungu chake utakikausha wewe. Asubuhi kitoe, jioni kiingize, na kila jioni kiweke shavuni uniambie kikoje." Niliona ananionea. Siku kumi na mbili nilikibeba chungu cha adui yangu kama kichanga, na kila jioni niliulizwa, "Kikoje?" nikajibu, "Bado kibaridi," mpaka jioni moja nikajikuta nasema, "Kimekauka." Bibi akaitikia kwa kichwa tu, na kesho yake akakichoma.

Mwaka uliofuata mkataba wa baba yake Felista uliisha. Walikuja kutuaga, mama yake na bunda la nguo kichwani, Felista amekikumbatia chungu chake. Bibi akafungua pindo la kanga. Akakitoa kile kijiwe cheusi, akakitumbukiza ndani ya chungu, nikasikia kikigonga chini. Nikaangua kilio. Watu wakadhani nalia kwa kuachana na rafiki, na mama akanisifu siku nzima kwa huruma yangu.

Nilijifunza kufinyanga baadaye, kwa kijiwe kingine tu, nilichookota mwenyewe mtoni. Nilikuwa karibu kuolewa siku nilipoinua chungu changu ambacho hakijachomwa, kilichodondokewa na mvua kutoka kwenye tundu la paa, nikakiweka shavuni, nikaingiza vidole. Tumbo lake lilikuwa kavu, ukingo mkavu, na chini, kwa ndani tu, kulikuwa kumelegea. Nikabaki nimekishika, kijiwe cha kusugulia kikiwa mapajani. Ubaridi wa mtungi ulio jirani hauingii chini ya chungu ukaacha ukingo mkavu. Hayo hufanywa na maji yaliyomwagwa.

"Bibi," nikasema, "kile chungu cha Felista."

Alikuwa amekaa karibu yangu, macho yameshaanza kufifia. "Sugua," akasema.

Basi alijua tangu vidole vyake vilipoingia. Alisema uongo ili mtoto wa watu asijue nani aliyemtakia mabaya, na mimi nisiitwe jina hilo mbele za watu. Na kijiwe kile, nacho nilikielewa siku hiyo. Felista alikuwa anakwenda mbali, kwenye nchi ya bibi asiyemjua, na Bibi alikumbuka mwenyewe alivyotembea kutoka Handeni. Mimi nilikuwa siendi popote.

Felista alipata jiwe. Mimi nilimpata Bibi, miaka tisa zaidi, Jumatano na siku nyingine zote. Hesabu hiyo hata Mwalimu Hoza angeipitisha bila kuweka kosa. Lakini nilipousimamisha ule mtungi wa Mkata jikoni kwangu, nikautia maji na harufu yake ikapanda, kitu cha kwanza nilichojiuliza ni nani sasa anacho kile kijiwe. Ninakitaka mpaka leo.