Soda Niliyokunywa Bangkok

Tulikuwa watatu: mimi; mjukuu wangu Nafula, mtoto wa binti yangu Rispa, aliyenitoa mtaani kwetu Free Area nimtembelee Bangkok anakofundisha; na Mama Noi, mwenye nyumba anayokaa Nafula, aliyekuwa akitufunza mapishi ya Kithai.

Pilipili ilinikohoza mpaka Mama Noi akaniashiria nitoke niende uani. Huko nikakuta kijumba kidogo juu ya nguzo, na mbele yake wali, ndizi na soda nyekundu yenye mrija tayari. Nikasema, kumbe huyu mama anajua wageni! Kwetu ukiandaliwa chakula ukakiacha, umemtukana mwenye boma. Nikala vyote.

Nafula akatoka, akashika kichwa. "Woi, kukhu, bibi yangu! Hicho ni cha mizimu ya nyumba! Leo nitafukuzwa!"

Mimi, mama wa kanisa! Kabla sijajibu, Mama Noi akatokea, mrija ungali mdomoni mwangu. Akanitazama, akatazama sahani, akacheka mpaka akakaa chini.

Nafula akanitafsiria: "Anasema ameiandalia mizimu miaka yote, na leo ndiyo mara ya kwanza imemaliza."

Kama nimekosea jina la mtu, mnisahihishe. Hayo mengine yalitokea hivyo hivyo.