Mkeka wa Saa ya Bendera

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye ofisi moja ya serikali hapa Kalemie, nasubiri mhuri. Saa moja na nusu asubuhi filimbi ya bendera ikalia nje, na kila mtu akasimama kimya alipokuwa, kama sheria inavyotaka. Mimi pia. Karani mzee peke yake alitandika mkeka nyuma ya meza, akalala kifudifudi, mikono kichwani. Bendera ilipofika juu akainuka, akaukunja, akaendelea kuandika jina langu pale alipoishia.

"Ni mugonjwa?" nikamnong'oneza mama wa meza ya pili.

"Hapana, Papa. Wakati wa vita watu wa bunduki walipiga filimbi vile vile. Wenye walisimama walikufa. Wenye walilala, hao njo tuko nao mpaka leo."

"Na mukubwa wenu anasema nini?"

"Yeye njo alinunua mukeka."

Nikaondoka nikimhurumia mzee, mimi niliyepita vita ile ile nikaisahau.

Jana asubuhi nikarudi kuchukua karatasi yangu. Karibu na dirisha palikuwa na mkeka wa pili, mpya. Nikauliza wa nani.

"Wako, Papa," mama akajibu bila kuinua macho. "Siku ile filimbi ilipolia, ulipiga magoti."