Ngozi Haikuiva

Mama Pasi hakusingiziwa jina hilo. Miaka kumi na saba alikuwa mpiga pasi kwa dobi, na dobi alipofunga kazi, yeye aliondoka na pasi moja nzito, mgongo unaouma, na ulimi ambao hakuna aliyewahi kuushinda. Sasa sebule yake ndiyo karakana. Juu ya meza ya kulia kuna blanketi kuukuu, na juu ya blanketi viatu vya ngozi, kila kimoja kimejazwa matambara tumboni kisije kikabonyea. Kazi yake ni kuvipamba. Anakata maua, majani na ndege kutoka kwenye zile karatasi laini za plastiki zinazoshika kwa joto, anachokoa kwa sindano vipande visivyotakiwa, analaza pambo kwenye ngozi, anafunika kwa kitambaa chepesi, kisha anagandamiza kwa ncha ya pasi huku akihesabu mpaka kumi. Kikipoa anabandua utando wa juu, na pambo linabaki.

Viatu vyenyewe anavishona mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Mjomba ni fundi wa siku nyingi, mtu wa maneno machache na miwani minene. Alipoona ua kwa mara ya kwanza kwenye kiatu chake aliguna, "Yaani kiatu changu kimevaa hereni?" Lakini wateja walipenda, basi naye akakubali yaishe. Ila aliweka sharti. Kila jozi aliyoleta aliifungia kwenye kamba kipande kidogo cha ngozi ileile, cha kujaribia. Ngozi hazifanani, alisema, hata zikilowekwa dawa moja mpaka ziive. Nyingine inavumilia joto, nyingine ina hasira za karibu. Jaribu hapa kwanza, ndipo uguse kiatu.

Mwaka wa kwanza Mama Pasi alijaribu kila mara. Mwaka wa pili akaona anapotezewa muda. Mtu aliyepiga pasi miaka kumi na saba afundishwe joto na nani? Alikuwa anaisogeza pasi karibu na shavu, anatikisa kichwa, basi, kazi inaanza. Vipande vya kujaribia alivitupia kwenye droo pamoja na vifungo vilivyokosa mashati.

Ndipo ikaja jozi ya muuguzi. Wauguzi wa zahanati walitaka kumuaga mkuu wao aliyekuwa anastaafu, wakaagiza viatu vya rangi ya maziwa, vyenye majani ya kijani mbele. Asubuhi hiyo Mama Pasi alikuwa ametoka kunyoosha mashuka mazito ya jirani, na pasi ilikuwa bado kwenye moto wa mashuka. Simu ikalia. Ni dada yake, na huyo dada akianza kusimulia, hata kuku anaacha kudonoa asikilize. Mama Pasi akaibana simu begani, akacheka mpaka machozi, akalaza majani, akafunika, akagandamiza. Siku hiyo hata shavu halikuulizwa.

Harufu ilimfikia kabla ya macho. Aliponyanyua kitambaa, ngozi ya mbele ilikuwa imesinyaa, imekakamaa, imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Majani, kwa kumkomoa, yalikuwa yameshika vizuri ajabu.

"Nitakupigia," akamwambia dada yake, na hakumpigia.

Mjomba alikuja kuchukua viatu kesho yake, hata chai haijachemka. Mama Pasi alikuwa ameshapanga kusema kweli. Alipanga tangu jana, na njia nzima kutoka jikoni hadi mlangoni alikuwa anaipanga. Kisha mzee akakiinua kile kiatu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akauliza, "Hiki kimepatwa na nini, mwanangu?" Na ulimi ule usioshindwa ukatangulia wenyewe.

"Ni ngozi, Mjomba. Nimeigusa tu, ikajikunja. Nadhani haikuiva kwenye dawa."

Mjomba akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akapitisha kidole gumba kwenye makunyanzi, taratibu, mara mbili.

"Niliichagua mwenyewe," akasema. "Niliipapasa yote, nikaona imeiva. Basi nimeshazeeka." Akakiweka kiatu mezani. "Nisamehe mwanangu. Nimekuharibia kazi."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Akamkaribisha chai. Mzee akanywa nusu kikombe, akaenda zake.

Mchana Mama Pasi alifungua droo. Akatoa kipande kilichokuja na jozi ile, akateremsha moto wa pasi kama inavyotakiwa, akabandika jani lililobaki. Likashika. Akakikunja kipande, akakikunjua, akakivuta kwa meno. Hakikupasuka wala kusinyaa. Ngozi ilikuwa imeiva kuliko yeye. Akakaa chini kwenye kiti na kuona aibu peke yake, aibu ya mtu mzima, ambayo haina hata wa kukuchapa ikaisha.

Alijitafutia sababu, maana sababu hazikosekani. Mjomba alikuwa ameshona jozi nyingine kwa ngozi nyingine, yeye akaipamba akiwa ameshika pumzi, na muuguzi ameagwa nayo, eti alicheza mpaka akakalishwa. Nani ameumia? Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilionekana ndefu tena yenye kivuli. Hata hivyo chakula kilikuwa hakipiti. Dada yake akipiga simu, anasema ana kazi. Kila akishika pasi anasikia, "Nisamehe mwanangu," na anairudisha chini.

Jumamosi ya wiki ya pili alikwenda kwa mjomba kuchukua viatu vya kupamba. Akamkuta ameketi kwenye kigoda chake, kisu mkononi, anabandua soli za jozi nzuri ya kahawia. Chini kulikuwa na jozi nyingine tatu, zimeshachanwa, mdomo wazi.

"Shikamoo, Mjomba. Unafanya nini?"

"Marahaba. Ni ile ngozi," akasema bila kuinua macho. "Kabla ya ile ya muuguzi nilikata jozi nne humo humo. Nimezunguka kwa wenyewe kuziomba. Siwezi kumwacha mtu atembee juu ya kosa langu."

"Zilikuwa zimepasuka?"

"Bado. Lakini si haikuiva? Zingepasuka tu." Akavuta soli, nyuzi zikakatika mmoja mmoja. "Na yule muuza ngozi nimeachana naye. Miaka thelathini nanunua kwake. Nimemwita mwizi, dukani kwake, mbele ya watu. Mimi! Sijawahi kumwita mtu mwizi." Akaiinamia soli tena. "Nikimaliza hii, kisu nakiweka. Fundi asiyeijua ngozi kwa mkono afanye nini tena?"

Mama Pasi alisimama pale, kapu mkononi. Uongo aliousema kwa dakika moja ulikuwa umefanya kazi wiki mbili bila kupumzika, na ulikuwa karibu kumaliza.

"Mjomba, acha."

"Imebaki moja tu."

"Mjomba, weka kisu chini. Ngozi ni nzima. Nimeijaribu, ni nzima. Mimi ndiye niliyeichoma. Nilikuwa kwenye simu, pasi ilikuwa na moto wa mashuka. Nikakudanganya."

Mzee akaweka kisu chini. Lililomjia kwanza usoni halikuwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Mama Pasi kuliko kofi. Ilikuwa furaha. Aliitazama mikono yake, wa kulia, kisha wa kushoto.

"Kwa hiyo haikukosea?" akauliza.

"Haikukosea, Mjomba."

"Niliipapasa vizuri?"

"Vizuri kabisa."

Akacheka kicheko kidogo, cha mtu aliyeambiwa na daktari arudi nyumbani, hana ugonjwa. Kisha macho yakashuka kwenye zile jozi chini, na kicheko kikakatika. Akaokota soli moja, akaitazama, akairudisha ilipokuwa. Mama Pasi alitamani atukanwe. Alikuwa tayari hata kupigwa, na umri wake huo. Mjomba hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinuka, akachukua kofia msumarini.

"Twende kwa muuza ngozi."

"Si ningempigia simu, Mjomba? Namba yake ninayo."

"Mimi sikumtukana kwa simu," akasema mzee, na akatoka.

Walitembea mpaka dukani. Duka lilikuwa wazi, ngozi zimening'inia mpaka mlangoni, wateja wanne ndani, na wapiga soga wa kila siku kwenye benchi la nje. Muuza ngozi alipomwona mjomba alimpa mgongo, akaanza kukunja ngozi ambayo ilikuwa tayari imekunjwa. Mjomba alisimama kizingitini, kofia mkononi. Mama Pasi akasogea mpaka karibu kabisa, akainama, akasema kosa lake lote kwa sauti ya mgonjwa.

"Sisikii," akasema muuza ngozi.

Akarudia, juu kidogo.

"Dada, nasema sisikii. Mjomba wako siku ile alisikika mpaka kwa muuza vioo."

Wateja wakaacha kupapasa ngozi. Mama Pasi, ambaye kicheko chake majirani hukijua kupitia kuta tatu, aliitafuta sauti akaikosa. Akamtazama mjomba. Mzee alikuwa anaangalia sakafu, masikio yamemwiva kwa aibu isiyokuwa yake.

"Ngozi ilikuwa nzima!" Sauti ilitoka ghafla, kubwa, hata mwenyewe akashtuka. "Niliichoma mimi kwa pasi, nikamdanganya mjomba wangu. Huyu mwenye duka si mwizi!"

Kwenye benchi watu wakageuka. Ng'ambo ya barabara muuza vioo akatoa kichwa mlangoni, mkono sikioni.

"Nani si mwizi?" akapaza sauti.

Muuza ngozi akaacha kukunja, akamtazama Mama Pasi, akangoja. Ikabidi aanze upya.