Vitanzi vya Mama Daforoza

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Murungu, mwanangu, nimeketi kibarazani kwa Mama Daforoza najifunza kuanzisha vitanzi. Nilikuwa nimeolewa muda, mtoto sijapata. Yeye alikuwa mjane, mkimbizi kutoka Burundi, na alifuma sweta kwa sindano za spoki za baiskeli zilizonolewa, uzi wake wa sufu wa soko la Kasulu. Alinionyesha: uzi unazungushwa kidoleni, sindano inapita chini yake, kitanzi kinavutwa. Nami nilikaza mno.

"Legeza, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa Kirundi chake. "Ukikaza hivi, mstari wa pili sindano itapita wapi?"

Niliporudi nyumbani na ule uzi sindanoni, mama mkwe aliutazama kama anayetazama nyoka.

"Huyo mwanamke anafunga nini humo?"

"Vitanzi, mama. Ndivyo sweta inavyoanza."

"Mtu hatumjui kwao, anakufundisha mafundo, na wewe tumbo limefungwa. Lisemwalo lipo."

Basi yakawa maneno. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Hata mimi nikaanza kujiuliza: mbona Mama Daforoza hunitazama sana tumboni? Shaka ni mchwa, mwanangu. Hula nguzo wenye nyumba wakiwa wamo ndani.

Aliyetuokoa ni Shangazi Yustina, dada wa baba mkwe. Alitushika mikono, mimi na mama mkwe, akatupeleka mpaka kwa yule mjane, akamweleza yote yanayosemwa.

Mama Daforoza hakukasirika wala hakucheka. Alichukua sindano yangu yenye vitanzi, niliyokuwa nimekuja nayo, akaichomoa, akavuta ncha ya uzi. Vyote vikafumuka, ukabaki uzi mtupu.

"Nionyesheni fundo," alisema. Halafu, polepole: "Mimi nimezika watoto wawili njiani. Nikifunga tumbo la mtu, nitapata nini?"

Mama mkwe aliinamisha kichwa.

"Sasa umejibiwa," Shangazi akamwambia. "Ungeuliza tangu mwanzo."

Baadaye nilishika mimba. Wako waliosema ni kwa sababu uzi ulifumuliwa siku ile. Shaka haikosi mlango, ukiuziba huu hupitia ule.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimshuku mtu, usimpeleke kisimani. Nenda kwake mchana, umuulize yeye mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Akijibu, msikilize mpaka amalize, maana huenda amebeba mzigo mzito kuliko wako. Mungu akujalie majirani wema, na wewe akufanye jirani wa kukimbiliwa.